Mwaka wa Panya, Karte ya Mbuzi

Marcelline Masika hakuogopa vitu vingi ambavyo watu wa Goma wanaviogopa. Mlima ukiguruma, yeye anamaliza kwanza kuosha sufuria. Risasi zikilia upande wa uwanja wa ndege, anasikiliza kidogo, anaona ni mbali, anaendelea kuchapa barua ya mteja. Alichokiogopa ni kitu kimoja tu, nacho ni mwaka. Mtu akimwuliza kuhusu mdogo wake, hata kwa mchezo tu, "Jephté wenu alizaliwa mwaka gani?", anajibu haraka kupita kiasi: "Deux mille trois," yaani 2003. Kisha anaanza kuongelea mvua.

Mwaka huo ulikuwa wa uongo. Sasa ngojeni, msimhukumu kabla hamjamjua.

Marcelline alikuwa na kibanda cha kuchapa na kufotokopi hapa mtaa wa Katoyi, mashine moja kuukuu na kompyuta moja. Barua za kuomba kazi, matangazo ya matanga, orodha za michango ya harusi, zote zilipita mikononi mwake. Alikuwa na miaka thelathini na saba na hakuwa na mume wala mtoto, ila wadogo zake wawili ndio walikuwa watoto wake. Alifika nao Goma mwaka wa 2014 kutoka upande wa Beni, baada ya baba, mama na Paluku, kaka yao, kuuawa shambani siku moja. Sehemu kubwa ya safari ile walienda kwa miguu. Jephté Kasereka alikuwa na miaka sita, Marcelline akambeba mgongoni kwa kitenge. Donat Kambale alikuwa na miaka tisa, akatembea huku ameshika upindo wa kitenge hicho na sufuria ikiwa kichwani. Jephté alilia njia nzima. Donat hakulia, na kwa kuwa hakulia hakuna aliyetazama miguu yake mpaka walipofika.

Ndivyo ilivyokuwa hata baadaye katika nyumba ile ya mbao. Jephté akikohoa, dawa inatafutwa mbio. Uji ukiiva, kikombe cha kwanza ni cha Jephté. Donat alikuwa mtu wa kutengeneza mlango uliolegea, kubeba maji, kuondoka na lori kwenda Butembo kama msaidizi wa dereva na kurudi bila kelele. Marcelline alimpenda, jamani, alimpenda sana. Ila mtu asiyelalamika anasahaulika kwa urahisi, hata na yule anayempenda.

Basi mwaka wa 2023 zikaja siku za kuandikisha wapiga kura. Mnajua kwetu karte, kadi ya kupigia kura, ndiyo kila kitu. Bila karte hupiti barrière, kizuizi cha barabarani, husajili simu, huajiriwi. Jephté alikuwa bado hajafikisha miaka kumi na tano, ila alikuwa mrefu kuliko mlango wa jikoni. Avenue nzima, mtaa wote, walikuwa wanapandisha miaka ya watoto wao, wakipeana na ushauri wa namna ya kusema. Marcelline akajipanga kwenye mstari akiwa na Jephté, moyoni amekwisha kuandaa jibu: deux mille cinq, yaani 2005, ili atimize kumi na nane mwaka ule ule. Lakini mama aliyekuwa mbele yao alisema mwaka huo huo, na mwandishi akamtazama mtoto wake, akacheka, akawarudisha nyumbani. Marcelline akaogopa naye arudishwe hivyo hivyo. Ilipofika zamu yake, mdomo uliruka wenyewe. "Deux mille trois," alisema. Karte ikatoka.

Donat alikuwa safarini wakati huo, na ya kwake alikwisha kuipata Butembo, yenye mwaka wake wa kweli, 2005. Aliporudi akaonyeshwa karte ya mdogo wake. Akaigeuza, akatabasamu.

"Yaya, umenifanya mudogo wake Jephté," alimwambia; ndivyo wadogo hao walivyomwita dada yao mkubwa.

"Nyamaza, ushukuru Mungu," Marcelline akamjibu, na mambo yakaishia hapo.

Kumbe hayakuishia. Mwanzoni mwa 2025 mji ulipata wakubwa wapya, waliokuja na bunduki, na ile karte iliyokuwa inafungua milango ikaanza kusema jambo jingine. Ilisema nyumbani kwa Marcelline kuna mwanamume wa miaka ishirini na miwili. Na wanaume wa umri huo walikuwa wanaitwa. Kule Mapendo, watoto wawili wa mama Dancille, yule anayeuza viazi vya Kibumba, waliitwa kwenye mkutano uwanjani asubuhi. Wiki tatu zikapita. Mama Dancille akawa bado anafua mashati yao kila Jumatatu na kuyaanika, ili wakirudi wakute ni safi. Marcelline akipita pale anageuza uso.

Kisha Havugimana, katibu wa avenue, akapita nyumba kwa nyumba na daftari lenye jalada la bluu, akinakili karte za vijana wote. Ya nini? Hakuna aliyeuliza. Wanasema kuuliza si ujinga, lakini siku zile kuuliza kulikuwa na bei yake.

Ndipo Marcelline alipomwandikisha Jephté, na yeye mwenyewe, katika masomo ya kuandika programu, kila Jumanne na Alhamisi alasiri, kwenye chumba kilicho nyuma ya kanisa. Alikuwa amesikia kwamba mtu anayejua kazi hiyo anaweza kufanya kazi ya watu wa mbali bila kutoka nje ya nyumba. Bila kutoka nje! Maneno hayo matatu tu ndiyo yaliyompeleka. Mtoto ambaye hatoki nje hakutwi njiani.

Walikuwa wanafunzi tisa na kompyuta sita. Alikuwemo papa Evariste, mzee Munande wa Butembo, kabila moja na wao, mwenye duka la misumari na mabati, mtu wa sauti kubwa na kicheko kikubwa zaidi. Alikuwemo pia, ole wake Marcelline, huyo huyo Havugimana, ambaye alitaka kujifunza kuweka daftari lake kwenye mashine. Alikuwa mtu wa Rutshuru, mwembamba, mpole, wa kukohoa kidogo kabla ya kusema. Marcelline alichagua kiti kilicho mbali naye. Hata hivyo alimsikia akikohoa, na kila kikohozi kilimkumbusha daftari.

Mwalimu wao, Monsieur Théogène, hakuwa mtu mbaya. Mimi namlaumu kwa jambo moja tu: mashine zilimsahaulisha mji anaoishi. Jumanne moja akaingia amefurahi, akaandika ubaoni majina kumi na mawili ya wanyama.

"Wachina wanapatia kila mwaka munyama wake," alisema. "Wakifika kwa wa kumi na mbili, wanarudilia. Munachukua mwaka mutu alizaliwa, munagawanya kwa kumi na mbili, munatazama baki. Baki zéro ni nyani. Moja ni jogoo, mbili imbwa, tatu nguruwe, ine panya. Vile vile mpaka kumi na moja, mbuzi. Mashine itafanya hesabu, nyinyi muipatie tu sheria."

Papa Evariste akawa wa kwanza kujaribu. Akaingiza 1971. Mashine ikajibu: nguruwe.

"Mimi? Mukristu wa kila misa?" alipiga kelele. "Aa, kumbe njo maana bibi yangu analalamika na sahani zenye ninamaliza!"

Wakacheka wote, hata Havugimana akacheka na kikohozi chake. Marcelline naye alicheka, kwa mara ya kwanza tangu wiki nyingi. Aliingiza mwaka wake, 1988, akapata joka, na Jephté akamwambia, "Yaya, hiyo haidanganye."

Kisha Monsieur Théogène akatoa kazi ya nyumbani. "Kila mutu aandike watu wa nyumbani kwake, jina na mwaka. Programu isome orodha, itoe wanyama. Siku ya ine mutasoma mbele ya wote."

Kicheko kikamkauka Marcelline mdomoni.

Jioni hiyo Jephté alifungua kompyuta ya kibandani. Vidole vyake vilikwisha kuizoea. "Yaya, kwangu niandike ngapi?"

"Ya karte."

"Lakini mimi ni panya. Deux mille huit, baki ine. Karte inanifanya mbuzi."

"Wewe ni mbuzi mpaka Yesu arudi," Marcelline alisema kwa ukali. "Unasikia? Havugimana ako na mwaka wako ndani ya daftari. Ukisema ingine, tumekwisha."

Jephté akaiacha 2008 yake, akaandika 2003. Marcelline akasimama nyuma yake, akasoma majina yote matatu mara mbili, akaona kila mwaka unafanana na karte ya mwenyewe. Akashusha pumzi. Jambo moja tu hakulitazama, na lilikuwa mbele ya macho yake.

Siku ya ine, yaani Alhamisi, ikafika. Jephté akasimama, akasoma kwa sauti aliyoipata juzi juzi, nzito nzito: "Masika Marcelline, 1988, joka. Kasereka Jephté, 2003, mbuzi. Kambale Donat, 2005, jogoo."

"Wee, simama hapo!" Papa Evariste alipiga meza. "Rudilia, kijana. Kasereka 2003, Kambale 2005? Tangu lini Kasereka anatangulia Kambale?"

Monsieur Théogène hakuelewa. "Iko shida gani, papa? Programu imejibu muzuri."

"Programu ni muzuri, ni tumbo la mama yao njo limekosea!" Papa Evariste alikuwa anacheka hadi machozi. "Prof, kwetu Wanande jina ni namba. Mutoto mwanaume wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka. Hata mulevi wa Butembo hakosee. Huyu wa tatu amezaliwa mbele ya wa pili! Mutoto, ulimupita ndugu yako wapi, kwenye barrière?"

Darasa zima likacheka. Jephté alibaki amesimama, masikio yamemwiva. Marcelline alitaka kucheka pamoja nao ili jambo lipite, lakini uso wake ulikataa. Masikio yake yalisikia kitu kimoja tu, na si kicheko. Havugimana hakukohoa. Marcelline akageuka polepole. Katibu alikuwa amemtazama Jephté, kisha akainamisha kichwa na kuandika neno fulani kwenye karatasi ndogo, akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati.

Nawaambieni, kuna woga wa kukimbia na kuna woga wa kukaa. Marcelline alipata wa pili. Alikaa mpaka somo likaisha, akatembea mpaka nyumbani, akapika na kula, na wala hakujua alikula nini. Usiku ule hakufumba macho. Aliwaza Gisenyi, lakini Jephté angepita mpakani na karte gani? Aliwaza Bukavu, lakini kule nako si yale yale? Kulipokucha akafungua kopo la maziwa ya unga alilolificha chini ya nguo, akatoa karte ya ubatizo ya Jephté iliyofungwa kwenye plastiki. Hiyo ndiyo iliyotoka Beni pamoja nao. Akaitia kifuani na kwenda kazini. Donat, ambaye lori lake halikuwa limetoka siku zile, akamfuata, maana mashine ya fotokopi ilikuwa inatafuna karatasi na alikuwa ameombwa aitengeneze.

Saa tisa alasiri, Havugimana akasimama mlangoni na daftari la bluu.

"Mama Marcelline. Odi."

"Karibu, papa." Marcelline alimsogezea kiti. Nyuma ya pazia lililogawa kibanda, Donat aliacha kugonga mashine.

Havugimana aliketi kwenye kiti cha wateja. Alionekana yeye pia hakulala. "Sikuje kwa ubaya," alisema. "Kesho saa mbili kila nyumba yenye vijana inatoa mumoja, ule mukubwa, kuanzia miaka kumi na nane. Uwanjani. Hapa kwenu nimeandika Kasereka Jephté."

"Wanaenda nao wapi?"

"Sijue. Naapa mbele ya Mungu, sijue. Nimeambiwa tu nilete majina. Likikosa moja, wataandika langu. Na mimi niko na Igihozo, mutoto wa miaka saba, mama yake amekufa." Akakohoa. "Lakini jana ule papa wa misumari alisema maneno. Nikasema niulize kwanza. Mutoto wako alizaliwa mwaka gani, mama? Ya kweli."

Hapo ndipo Marcelline alipobanwa pande zote. Akisema 2003, Jephté anakwenda kesho. Akisema kweli, anakiri kwamba walichukua karte kwa uongo, na siku zile mwenye karte ya uongo alikuwa anaulizwa maswali mengine kabisa: wewe ni nani, umetumwa na nani.  Kisha mkono ukaingia kifuani wenyewe, kama vile mdomo ulivyoruka wenyewe mwaka ule.

"Deux mille huit," alisema, na kuweka karte ya ubatizo juu ya daftari. "Ako na miaka kumi na saba. Mimi njo nilidanganya, papa, yeye alikuwa mutoto. Kama kuna kosa, muandike mimi."

"Hawatafute wamama," Havugimana alisema.

Aliisoma karatasi ile muda mrefu, akaigeuza, akatazama muhuri wa parokia.  Mwishowe katibu akafungua daftari, akalipiga mstari jina la Jephté, akaandika pembeni kwa herufi ndogo: 2008, mutoto.

"Hii ya karte ya uongo, mimi sikuione," alisema.

Mungu wangu! Marcelline alihisi kama mtu aliyetuliwa gunia la mkaa. Alishika mkono wa mzee yule kwa mikono yake yote miwili, akambariki kwa majina yote ya watakatifu aliyoyajua, akacheka na kulia kwa pamoja. Jephté amepona. Jephté atabaki nyumbani. Alimbariki mpaka akaona kwamba mzee hasimami, na kwamba kalamu yake bado iko juu ya ukurasa.

"Sasa mukubwa ni nani?" Havugimana aliuliza taratibu, bila kumtazama.



Marcelline alibaki ameshika ule mkono. Hakuwa amelifikiria. Usiku kucha aliwaza Gisenyi na Bukavu, aliwaza kopo na muhuri, na Donat hakumpitia akilini hata mara moja. Kwenye mstari wa kuandikisha alimruka Donat ili kumwokoa Jephté, na leo amemruka tena. Aibu ilimchoma kuliko woga, halafu woga ukarudi, mkubwa kuliko wote aliowahi kuujua.

"Donat hayuko," alisema haraka. "Alienda Butembo na lori. Hatujue atarudi lini..."

Pazia likasogea. Donat alitoka akijipangusa wino wa fotokopi kwenye suruali.

"Niko," alisema.

"Donat, rudi ndani!"

"Yaya, papa huyu ako na mutoto." Alitoa karte yake mfukoni, akaiweka mezani karibu na ile ya ubatizo. "Andika, papa. Kambale Donat, deux mille cinq. Paluku alishatangulia. Sasa ni mimi. Kasereka hawezi tangulia Kambale."

Hakusema kwa ushujaa.  Aliogopa, mtoto yule, aliogopa sana, kama alivyoogopa bila shaka katika safari yote ile na sufuria kichwani. Havugimana aliandika. Alikosea, ikambidi aandike "Kambale" mara mbili.

Jumamosi asubuhi Marcelline alipika uji mapema. Jephté alikuwa ameketi kwenye kiti chake, macho yamevimba, akanyoosha mkono kama ilivyo desturi. Marcelline alimpita. Kikombe cha kwanza, kilichojaa mpaka ukingoni, akakiweka mbele ya Donat.

Donat alikitazama. "Mupatie mutoto kwanza, yaya."

"Kunywa," Marcelline alisema, akamsogezea kikombe karibu.

Donat alikunywa amesimama, akaosha kikombe mwenyewe, akatia karte mfukoni. Alipofika mlangoni aliona bawaba moja imelegea. Akaikaza kwa kisu cha jikoni, akaondoka.

Jumanne iliyofuata Jephté alirekebisha orodha darasani. Masika joka, Kambale jogoo, Kasereka panya. Monsieur Théogène akasema sasa ni sawa kabisa. Papa Evariste, ambaye alikwisha kusikia kwamba Donat hajarudi kutoka uwanjani, alifunika uso kwa kofia yake.

Tangu siku ile, kila asubuhi nyumbani kwa Marcelline, kikombe cha kwanza ni cha Donat. Kinakaa mezani mpaka saa nne, uji unapoa na kufanya ngozi juu, ndipo Jephté anaruhusiwa kuunywa.